Wimbo Ulisimama, Nami Nikazima Umeme

Najua mnaniita Injinia, na mimi mwenyewe ndiye niliyewazoesha kuniita hivyo, kwa hiyo leo mtanivumilia. Ile habari niliyowaambia siku ya shukrani kanisani, kwamba nilirudi kutoka Doha kwa sababu mkataba uliisha nikaona nije nijenge kwetu, ni ya uongo. Mkataba haukuisha. Nilijiaibisha mbele ya ukumbi mzima wa hoteli, nikiwa ndani ya suti na tai nyekundu, kwa sababu ya wimbo mmoja wa vijana wa London, na kabla hamjaanza kucheka nataka mjue kwamba bado nina hasira. Nina hasira na wale vijana, nina hasira na meneja wangu, nina hasira na Kizito ambaye hakunitendea ila wema, na iliyobaki yote, ambayo ndiyo nyingi, ni yangu mwenyewe.

Nianze na usomi wangu, maana aibu ya msomi haieleweki mpaka usomi wake ujulikane. Nina diploma ya elektroniki. Sikuinunua mtaani, niliisomea politekniki miaka mitatu nikilala kwa shangazi na kurekebisha redio za watu ili nilipe karo, na katika darasa letu hakuna aliyenishinda kwa upande wa sauti (mwalimu wetu akiwa hai ataapa). Wakala aliyenipeleka Doha aliniambia ninakwenda kuwa fundi. Nilipofika nikapewa sare ya ulinzi, tochi na kiti cha plastiki kwenye geti la mizigo la hoteli moja ya West Bay, nikaambiwa nikae pale. Wengine wangelia. Mimi nililaminisha diploma yangu, nikaitundika juu ya kitanda katika chumba tulichokaa watu sita huko Najma, nikaitazama kila asubuhi kabla ya kuvaa zile buti. Miaka miwili haikupita nikawa nimeingia kitengo cha sauti, kwanza kubeba nyaya, kisha kuzifunga, kisha kuwaambia wengine wazifunge. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilijishika mwenyewe.

Sasa Kizito. Kizito alikuwa mlinzi kutoka Kampala, mrefu, mpole, mwenye meno yaliyoachana, na alilala kitanda cha chini yangu. Alikuwa na binamu London aliyekuwa akimtumia muziki, naye aliujaza kwenye simu yake ndogo ambayo spika yake ilikuwa kama tundu la chumvi. Muziki wenyewe ulikuwa unaitwa grime. Hii ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, na nawaambia hakuna mtu katika chumba kile, wala katika Najma nzima nadhani, aliyekuwa amewahi kusikia kitu kama kile: besi inayotetemeka kama bati lililolegea, halafu juu yake kijana anasema maneno kwa kasi ya mnadani, bila kupumua, kwa Kiingereza ambacho si kile nilichofundishwa mimi.

"Injinia, sikia huyu," aliniambia siku ya kwanza, akainua simu hadi sikioni kwangu.

"Spika yako inaungua," nikamwambia.

"Haiungui, ssebo," akasema, yaani bwana kwa Kiganda. "Ndivyo walivyoitengeneza."

"Basi walioitengeneza hawakusoma."

Akacheka (hilo ndilo lilikuwa tatizo la Kizito, ukimtukana anacheka), akaanza kunieleza kwamba hao ni watoto wa magorofa ya watu maskini mashariki mwa London, wazazi wao wametoka Jamaika na Ghana na Nigeria, redio haziwataki, kumbi zinawafungia milango, basi wao wamepandisha antena zao wenyewe juu ya mapaa ya yale magorofa wakaanza kujirushia. "Wamejitengeneza wenyewe kama wewe," akasema. Hilo lilinikera kuliko kelele zenyewe. Mimi nilinganishwe na watoto wa juu ya paa?

Kizito akawa anaupiga muziki huo kazini, kwa sauti ya chini, pale getini nilipokuwa nikikaa mimi zamani. Wakati huo nilikuwa ndiyo kwanza nimepewa tai. Kila nikipita na nyaya zangu naisikia ile besi ya bati, na wale wabeba mizigo wa Kinepali wanatikisa vichwa, na mimi moyoni nasema hoteli ya hadhi hii imegeuzwa kijiwe. Nikaandika barua kwa meneja wa shughuli za hoteli, Mwingereza mmoja tuliyezoea kumwita Mudir, kama tulivyowaita wakubwa wote kule. Sikuweka jina langu. Nililalamika tu, kwa lugha safi, kuhusu muziki wa kihuni kwenye geti la mizigo. Kizito akapewa barua ya onyo na simu yake ikafungiwa kwenye kabati la ofisi wiki nzima, na Mudir akatuambia kwenye kikao kwamba hizo ni kelele za mitaa ambazo yeye binafsi alihama Uingereza ili asizisikie tena. Nilitikisa kichwa kukubali. Nilijiona nimetetea utaalamu.

Miaka minane ikapita. Nikawa supavaiza wa sauti. Nikahama Najma nikaenda Al Sadd, chumba cha watu wawili, chenye dirisha. Lakini mke wangu Nekesa alikuwa hapa Bungoma, na binti yetu Sheila alizaliwa nikiwa kule, akafika miaka sita akiwa ameniona kwa macho yake mara tatu tu. Nekesa alinisimulia kwamba jirani akimuuliza Sheila baba yako yuko wapi, anaonyesha simu. Haonyeshi upande wa uwanja wa ndege wala angani. Simu.

Na hapo ndipo mkasa unapoanzia, kwa sababu hoteli ilikuwa inafungua jengo la pili, na jengo lile lilihitaji mkuu wa kitengo cha sauti, na cheo hicho kilikuja na nyumba ya familia na kibali cha mke na watoto. Hakuna Mwafrika katika hoteli yetu aliyekuwa amewahi kukipata. Mimi nilikuwa nimebakiza kidole kukigusa.

Wakati huohuo dunia ilikuwa imepinduka. Ule muziki wa juu ya paa ulikuwa umeshuka ukaingia mlango wa mbele. Wale vijana walikuwa sasa wanapokea tuzo ndani ya suti, wanatangaza viatu, wanajaza viwanja, na watoto wa matajiri walikuwa wanajifunza kusema kama wao. Chumba cha mazoezi cha hoteli yetu, wanapokimbia wazungu kwenye mashine, kilikuwa kinaupiga asubuhi hadi jioni, na hakuna aliyepewa barua ya onyo. Hilo nalo linanikasirisha mpaka leo: kelele ni kelele mpaka tajiri aipende, hapo inaitwa utamaduni.

Jumatatu moja Mudir akatuita. Akasema Ijumaa alasiri kutakuwa na tamasha katika ukumbi mkubwa, msanii wa grime anakuja kutoka London na dijei wake, tiketi zimekwisha. Kisha akatazama meza nzima akauliza, "Nani hapa anaujua muziki huu?"

Jamani. Kulikuwa na ukimya wa kutosha mtu mwenye akili kumeza mate na kunyamaza. Mimi nikainua mkono.

"Mimi, Mudir. Nimeufuatilia tangu ulipoanza, miaka ile ya redio za juu ya mapaa."

Alinitazama kwa mshangao wa furaha. Akasema vizuri sana, basi jukwaa, mitambo na ukumbi ni vyako, hakuna atakayekuingilia, na ukiniendeshea hii Ijumaa vizuri, Jumapili tukifungua ofisi (kule wiki ya kazi huanza Jumapili) naweka sahihi ile barua ya jengo jipya. Alisema hivyo mbele ya watu.

Jioni hiyo nilimpigia Nekesa nikamwambia aanze kushughulikia pasipoti ya Sheila. Sikumwambia "huenda". Nilimwambia "anza". Akapiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaondoa sikio, na kesho yake alikuwa ameshawaaga wenzake wa kwaya na kumwambia mwalimu wa Sheila atafute mtoto mwingine wa kuwa malaika kwenye igizo la Krismasi. Akanitumia tai nyekundu kwa mkono wa binamu yake, nesi aliyekuwa anarudi Doha kutoka likizo. "Uivae siku hiyo," akasema, "ili picha ya kwanza tukitundika nyumbani kwetu huko iwe ya siku uliyoshinda."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ningeweza kuokoka. Ijumaa saa nane mchana, ninajaribu mitambo, Kizito (bado mlinzi, miaka yote hiyo, amepangiwa mlango mkubwa wa ukumbi) akanijia pale kwenye miksa, ule mtambo wa kuchanganya sauti, na kofia yake mkononi.

"Injinia, nina dakika moja. Muziki huu una desturi zake. Watu wakiupenda wimbo sana, yule dijei—"

"Kizito."

"Ndiyo, ssebo."

"Nani ana diploma ya sauti kati yetu?"

"Wewe."

"Na wewe una nini?"

Akatazama ile kofia. "Nina mlango," akasema, akacheka kidogo, akarudi mlangoni kwake. Dakika moja tu aliyoiomba, na mimi nilikuwa na saa nzima mkononi.

Saa kumi ukumbi ulijaa. Wazungu wa maofisini, vijana wa Kiarabu ndani ya kanzu nyeupe zilizopigwa pasi, wahudumu wa ndege, manesi wa kwetu wamependeza, na yule binamu wa Nekesa akiwemo, simu juu. Nilisimama nyuma ya miksa na tai yangu. Dijei, kijana mwembamba ndani ya jaketi la kofia, akaanza polepole, mambo yakaenda. Kisha msanii mwenyewe akatoka, nguo za mazoezi nyeusi kuanzia juu mpaka chini kama mtu aliyetumwa dukani, na dijei akaweka ule wimbo.

Haukupita hata nusu dakika. Msanii alitamka mistari minne tu hivi na ukumbi ukalipuka. Watu walipiga mayowe. Walinyoosha mikono juu, vidole vimekunjwa mfano wa bastola, wakaanza kuvitikisa kuelekea jukwaani, na wale walioko kando wakageuka wakawa wanaupiga ukuta kwa viganja, pa! pa! pa!, na mara dijei akashika sahani akairudisha nyuma kwa nguvu, ikalia fyuuuup, na wimbo ukasimama.

Kimya kwenye spika. Mayowe kila mahali.

Katika kazi yangu yote, muziki ukikatika katikati na watu wakapiga kelele na kugonga kuta, hiyo ina maana moja. Nilitazama miksa, taa zote zilikuwa za kijani, zinaniambia kila kitu ni kizima, na mimi na diploma yangu sikuziamini. Nilitoka mbio. Nilipanda jukwaani kwa magoti, nikaingia chini ya meza ya dijei, nikashika waya wa kwanza niliouona nikauchomoa na kuuchomeka tena. Dijei akainama akanitazama kama mtu aliyekuta mbuzi chini ya kitanda chake. "Mjomba, unafanya nini?" akauliza. "Nimeshaurekebisha," nikamwambia. "Endelea."

Na wimbo ukaanza upya, tangu mwanzo! Na watu wakashangilia mara mbili ya mwanzo!

Mnajua nilifanya nini? Nilitoka chini ya meza ile, nikasimama, nikapangusa suti, nikawapungia mkono. Nilidhani wananishangilia mimi. Niliwapungia hivi, kama mbunge, tena nikainama kidogo. Picha hiyo ipo. Nimeiona.

Sikuwa nimefika hata ngazi za jukwaa nilipoyasikia tena, yale mayowe, makali zaidi, zile bastola za vidole, ukuta unapigwa mpaka taa za mapambo zinacheza, na fyuuuup, wimbo umesimama kwa mara ya pili. Sasa nikawa na hakika mbili: kwamba mashine ya yule kijana imekufa, na kwamba watu wamekasirika na wanakaribia kupigana. Nikainua redio ya mkononi nikawaita walinzi. "Fujo ukumbini," nikasema. "Fungeni milango. Mtu asitoke."

Sauti ya Kizito ikajibu taratibu. "Injinia, hakuna fujo. Wanaupenda. Acha."

"Kizito, fanya ulichoambiwa!"

"Acha, Injinia. Ngoja kidogo tu."

Sikungoja. Nilifika ukutani, nikafungua sanduku la umeme, nikashusha swichi kuu ya ukumbi mzima.

Kilichozimika si mashine ya dijei peke yake. Zilizimika spika, taa za jukwaa, skrini, na kiyoyozi kikapumua mara moja kama mzee anayekata roho kikanyamaza. Zikawaka zile taa nyeupe za dharura zinazomfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Na mimi, badala ya kujificha ndani ya lile sanduku la umeme, nikachukua kipaza sauti cha dharura kinachotumia betri, nikapanda jukwaani, nikawahutubia.

Nilisema (Mungu anisamehe) kwamba mimi ni mtaalamu mwenye diploma na ninaomba radhi kwa niaba ya hoteli. Nilisema mashine za mgeni wetu ni mbovu, na kwamba amezileta bila kuzikagua. Nikawaomba waliokasirika waketi na washushe mikono yao.

Kisha msanii, ambaye alikuwa amesimama kando yangu wakati wote huo, akauliza kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza, "Huyu mjomba ni nani?"

Walicheka, jamani. Walicheka wakainama. Halafu kicheko kikaisha kikageuka zomeo, kwa sababu ile miksa yetu mpya ya kompyuta (niliyoichagua mimi, niliyejisifia mimi) ikizimwa ghafla huchukua muda mrefu kuamka, na nilipopandisha swichi ikawa inatuonyesha kiduara kinazunguka tu. Joto likaanza kupanda. Watu wakaanza kwenda mlangoni. Mudir alikuwa nyuma kabisa, uso umekuwa rangi ya tai yangu, na kwenye uso ule niliiona nyumba ya familia inaondoka, nikamwona Sheila anaonyesha simu.

Ndipo mlango ulipoanza kulia. Pa-pa! Pa! Pa-pa-pa!

Ilikuwa ni Kizito. Alikuwa ameugeukia ule mlango mkubwa wa mbao alioajiriwa kuulinda, anaupiga kwa viganja, na mdomo wake unasema maneno, yale ya haraka, yale ya bila kupumua. Nikayatambua. Ulikuwa wimbo wa zamani wa yule yule msanii, ule aliokuwa akiupiga kwenye simu yake ndogo chini ya kitanda changu. Wale waliokuwa wanatoka wakasimama. Wakageukia ukuta na wao wakaanza kuupiga. Msanii akasikiliza kidogo, akacheka, akaruka kutoka jukwaani akakata katikati ya watu mpaka mlangoni, akaweka mkono begani kwa mlinzi mwenye sare, na wakausema ule wimbo wawili, bila spika, bila kipaza, bila mimi. Miksa ilipoamka hakuna aliyejali. Kizito alifika mahali akainua mkono, ukumbi mzima ukanyamaza, akapaza sauti, "Tunarudi mwanzo!" na wakaanza upya kwa mayowe yale yale, na hapo tu, nikiwa peke yangu jukwaani na tai nyekundu, ndipo nilipoelewa. Wimbo ukipendwa kupita kiasi, dijei huusimamisha na kuurudisha mwanzo. Ni heshima. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote katika muziki ule, na mimi nilikuwa nimeizima kwenye sanduku la umeme.

Baadaye Kizito alinikuta stoo nikikunja nyaya ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Nilitaka anicheke. Nilikuwa nimejiandaa, nina maneno yangu tayari.

"Ungenilazimisha nikusikilize," nikamwambia.

"Nilikuja, ssebo."

"Ulitaka niaibike. Ulikuwa unasubiri siku hii."

Akashika ncha ya pili ya waya akaanza kunisaidia. "Injinia, ile barua ya zamani ya kunishtaki, Mudir alinionyesha siku ileile."

Nikaacha kukunja. "Haikuwa na jina."

"Haikuwa na jina," akakubali. "Chini iliandikwa 'Mfanyakazi Mwema, Diploma ya Elektroniki.' Banange, Injinia! Getini pale nani mwingine angeandika hivyo?"

Na akacheka. Miaka minane alikuwa anajua. Miaka minane amenisalimia, ameniazima sabuni, na mchana ule alikuja na kofia mkononi kuniokoa. Mtu akikukosea na akalipiza, mnamalizana. Mtu asipolipiza utamfanya nini? Ndiyo maana nasema nina hasira naye.

Nekesa hakuningoja nimpigie. Alipiga yeye, Jumamosi asubuhi. Nilianza kumwambia kwamba kumetokea tatizo dogo la kiufundi.

"Baba Sheila," akasema, "nimeona. Binamu amenitumia video."

Nikaiacha hadithi ya tatizo la kiufundi.

"Ile tai ni ile niliyokutumia?"

"Ndiyo."

"Imekukaa vizuri," akasema, kisha akalia, na mimi nikiwa kwenye ngazi za jengo letu Al Sadd, watu wanapita na mifuko ya mikate, nikamsikia Sheila nyuma yake anauliza kama baba ameshafika uwanja wa ndege kuwachukua.

Jumapili niliingia ofisini kwa Mudir na nilikuwa nimekasirika, sikuficha. Nilimwambia yeye mwenyewe aliuita muziki ule kelele za mitaa aliyoihama, kwa hiyo asinihukumu mimi kwa kutoujua. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Ni kweli, niliuita hivyo," akasema. "Sikuujua. Ndiyo sababu niliuliza Jumatatu ile nani anaujua. Mlikuwa watu kumi na moja mezani na kumi walinyamaza."

Cheo cha jengo jipya alipewa fundi mwenzangu kutoka Kerala, mtu wa kimya, ambaye siku ile alikuwa amenyamaza. Kizito alitolewa mlangoni akawekwa kwenye kitengo cha matamasha. Mimi sikufukuzwa, hilo muelewe na mlirudie kwa wengine: sikufukuzwa. Nilibaki mwaka mmoja zaidi, na katika mwaka huo hakuna mhudumu, mpishi wala dereva aliyepishana nami bila kugonga ukuta, pa! pa! pa! Nikafunga mizigo mwenyewe, kama nilivyoifungua mwenyewe.

Sasa ninazo spika hizi mnazozikodi kwa harusi na mazishi, na hakuna katika kaunti hii mwenye sauti safi kuliko yangu, nalisema bila haya. Nekesa ile video hajamwonyesha mtu yeyote, miaka yote hii, hata tukigombana. Lakini wiki iliyopita nilikuwa najaribu amplifaya mpya uani, na Sheila, ambaye sasa ana miaka kumi na mitano na ananizidi kimo, akachomeka simu yake ili anisaidie kupima besi. Ulikuwa muziki uleule. Uleule! Besi ya bati lililolegea. Rafiki zake wawili wakapiga yowe, wakakunja vidole, mmoja akaupiga ukuta wa jiko, na Sheila akakata wimbo katikati.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye swichi. Sikuutuma. Ulikwenda wenyewe.

"Baba," Sheila akasema, bila hata kunitazama, kidole chake kiko kwenye simu. "Haijaharibika. Ngoja."

Nikavuta kiti, nikaketi juu ya mikono yangu yote miwili, nikangoja. Na mkinikuta harusini muziki umesimama na watu wanapiga mayowe, na mimi nimeketi hivyo nyuma ya spika zangu kama mtoto aliyeadhibiwa, msiniulize kuna nini. Sijui. Na hilo neno, sijui, ndilo nilipaswa kulisema Jumatatu ile mezani, kabla Sheila hajaongezewa mwaka mwingine wa kumwonyesha jirani simu.